Drili ya betri kwa nyumba ya mawe Lamu: 12V, 20V au ya waya?

Mkaazi wa Langoni
Assalaam aleikum wadau. Natafuta drili ya betri ya nyumbani, si ya kuchumia. Kazi zenyewe ni fimbo za pazia, rafu mbili za jikoni na bawaba za mlango zilizolegea. Nyumba ni ya kale: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti. Nimetenga elfu nane. Nazilinganisha Bosch ya buluu ya 12V (hiyo itabidi niongeze pesa) na zile za 20V za Ingco na Total. Hiyo 20 si ndiyo yenye nguvu zaidi?

Fundi Mkomani
Waleikum salaam. Hiyo 20 isikubabaishe. Ndani ya betri mna seli 5 za 3.6V, jumla 18. Zikitoka chaji zimejaa kila moja hupita 4 kidogo, ndipo muuzaji akaandika 20. Kwa hiyo 18V ya Makita na 20V ya Ingco ni daraja moja. Ya 12V ina seli 3.

Kweli kubwa ina nguvu zaidi, lakini wewe nguvu hiyo waipeleka wapi? Bosch GSR 120-LI, hiyo ya buluu ya 12V, hutoa Nm 30 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na bawaba haziombi hata nusu. Panda ngazi, inua mkono ufunge fimbo ya pazia, utajua uzito wa betri kubwa ni nini.

Ami wa Matondoni
Sikubali. Mlango wa kale huenda ni mbambakofi au msaji, si mbao za paini. Marehemu baba alitoboa mbao za jahazi kwa keekee na uta wake, na hakuchaji kitu! Ila alikuwa na subira, nanyi hamna. Tia biti ya milimita 10 kwenye mbambakofi na hiyo 12V, itakwama ikinuka moshi. Chukua 20V, mwanangu.

Fundi Mkomani
Ami, ni kweli kwa biti ya 10. Lakini skrubu ya bawaba yataka tundu la 3, utoboe kwa gia ya chini, ndipo utie skrubu. Usipotoboa kwanza, itakatika kichwa hata ukiwa na 20V.

Mama wa Shela
Jamani, hamjamwambia habari ya ukuta. Mimi nilinunua drili ile yenye kugonga, inayopiga kama nyundo huku ikizunguka, nikawasha yote mawili. Nilitaka tundu la skrubu, nikapata shimo la kutia kikombe! Chokaa yetu ni laini. Zima kugonga, anza na biti ndogo ya ukuta, kisha ya 6, na plagi ya kushikia skrubu iwe ndefu ipite plasta ifike kwenye jiwe. Betri nayo usiiache darini juani, yangu ilikufa hivyo. Na biti zipake mafuta, hewa yetu ya chumvi haizisamehe.

Kijana wa Malindi
Mbona hamtaji ya waya? Nyumba yangu ni ya zege, na drili ya betri isiyo na kugonga iliishia kukwaruza rangi tu. Ya waya ni rahisi na haina betri ya kufa.

Mkaazi wa Langoni
Zege sina, kaka. Na chumba kizima nina soketi moja, iko nyuma ya kabati.

Fundi Mkomani
Basi zege ikitokea, azima. Kwako wewe betri mbili ndogo zafaa kuliko moja kubwa: moja kazini, moja kwenye chaji. Na ukichukua Bosch, jua kwamba betri za 18V za Bosch ya kijani (ya nyumbani) haziingiliani na za buluu (ya mafundi), usije ukaongeza kifaa kesho ukajuta. Dukani funga biti, izungushe polepole utazame ncha. Ikiyumba, rudisha papo hapo. Ukishavuka gati la Mokowe, kule bara, nayo, kuirudisha ni nauli ya pili.

Mkaazi wa Langoni
Nimeamua 12V, betri mbili, nangoja mwisho wa mwezi niongeze kilichopungua. Ami, nikifika kwenye kizingiti cha mlango nitakuja kuazima hiyo keekee.

Ami wa Matondoni
Njoo. Lakini uta ulishakatika kamba, uje na yako.