Usukani kutikisika baada ya kuinua Land Cruiser: naomba ushauri

Ndugu wanachama, habari za kazi. Nina Land Cruiser 79, yenye springi za koili mbele, niliyoiinua milimita 50 kwa ajili ya njia za Kitulo wakati wa masika. Tangu hapo, nikifika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya Uyole kuelekea Igawa kisha tairi likagusa kishimo, usukani hutikisika kwa nguvu hadi nipunguze mwendo, na nikitoka kwenye kona haurudi vizuri katikati, jambo linalonifanya nishuku kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia).

Matairi yamefanyiwa balansi na alaimenti, tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) hazichezi, na stelingi dampa (shokapu ya usukani) mpya imetuliza kidogo tu (nadhani inaficha tatizo).

Je, nianze na bushi za kurekebisha kasta, au panhadi rodi (fimbo inayoshikilia ekseli isiende pembeni) ya kurekebishika, kwa kuwa ekseli pia imesogea pembeni? Na beringi za kingpini (zile ambazo gurudumu la mbele hugeukia kushoto na kulia) hukaguliwaje bila kufungua?