Hofu ya Loy Henderson kuhusu Palestina

Swali: Ndugu wanajukwaa, kwa nini Loy Henderson, aliyesimamia masuala ya Mashariki ya Karibu katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alipinga kugawanywa kwa Palestina kuwa dola ya Kiyahudi na dola ya Kiarabu mwaka 1947?

Jibu: Aliamini kwamba mgawanyo usioridhiwa na Waarabu ungehitaji nguvu za kijeshi kuutekeleza, ungehatarisha mafuta na urafiki wa Marekani na mataifa ya Kiarabu, na ungeufungulia Umoja wa Kisovieti mlango wa kuingia katika eneo hilo.

Jibu: Hata Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, George Marshall, alipinga kuitambua Israeli kwa haraka, lakini Rais Truman aliitambua tarehe 14 Mei 1948, dakika 11 baada ya kuzaliwa kwake. Henderson alipelekwa India kuwa balozi mwaka huohuo. Nasikitika kwamba onyo lake kuhusu vita halikupimwa kwa uzito wake.