Naomba ushauri: mjomba toka Palma anajifungia ndani tu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, shikamooni mnaostahili. Niko Mtwara mjini.

Tunaishi na mjomba wake mke wangu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alikimbia mji wa Palma kule Msumbiji ulipovamiwa na wanamgambo Machi 2021. Kule alikuwa mvuvi, akifungua mlango ni bahari. Hapa tumebanana, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani na barabara kubwa iko hapohapo, tairi la lori likipasuka anaruka, usiku halali, mchana kajifungia. Lugha sio shida, Kimakonde anaelewana na watu vizuri tu, ila akiulizwa utarudi lini kwenu ndo kaharibika siku nzima (na watu wa mtaani wanapenda kuuliza hilo).

Hospitali walipima malaria na presha wakampa dawa za usingizi, alilala kidogo basi. Shehe kamsomea dua, ikampa nafuu kiasi, sidharau. Ila nilichoona mimi tukienda Mikindani kwa ndugu akakaa na wanaoshona nyavu anabadilika kabisa, anakula, anapiga stori. Tukirudi mjini yaleyale.

Mke anataka tumpangie chumba hukohuko, mimi naogopa usiku atakuwa peke yake.

Waliowahi kuishi na mtu wa hivi, kumbadilishia mazingira kunasaidia au bora abaki na sisi awe anaenda pwani mchana? Na ushauri nasaha wa afya ya akili kwa Mtwara au Lindi naanzia wapi, zahanati wanatoa rufaa?