Pentax K1000, Canon AE-1, Nikon FM au Zenit-E: ipi inamfaa mtu anayeishi pwani?

MwangaWaTanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Natafuta kamera ya filamu ya milimita 35, ya mtumba, na nimebakiwa na nne ambazo wauzaji wake wamekubali nizikague kabla ya kulipa: Pentax K1000, Canon AE-1, Nikon FM na Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2. Ninaishi Tanga, karibu na bahari, katika nyumba isiyo na kiyoyozi, na kamera yenyewe nataka ya kupigia picha kila wiki, si pambo la kabatini. Naomba mnieleze ni ipi itakayostahimili unyevu na chumvi ya huku kwetu, ni ipi ambayo fundi anaweza kuifungua na kuirudisha ikiwa nzima, na ni mambo gani niyaangalie fedha ikiwa bado mfukoni mwangu.

FundiBisibisi

Ndugu Mwanga, anza na swali la umeme, kwa sababu ndilo linalozigawa kamera hizo makundi mawili. Canon AE-1, iliyotoka mwaka 1976, shata yake (pazia linalofunguka ili mwanga ufike kwenye filamu) inaongozwa na saketi inayotumia betri ya volti 6, na betri ikiisha kamera haipigi hata picha moja. Ukiipata nzima ni chombo kizuri sana, kwani unachagua kasi ya shata nayo inapanga tundu la lenzi yenyewe; lakini saketi ikishaungua, sisi mafundi hatuna la kufanya zaidi ya kutafuta AE-1 nyingine mbovu tuichinje kwa ajili ya vipuri. Ukiipima, sikiliza mlio wakati wa kupiga. Zikitoka sauti kama za mtu anayekohoa au bawaba kavu, ujue gia za kioo cha ndani zimekaukiwa na mafuta. Hilo linatibika, ila lipunguze bei.

K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, pamoja na Nikon FM ya mwaka 1977, zinakwenda kwa springi na gia tupu. Betri yao ndogo ya LR44 inaendesha kipima mwanga peke yake, na ikifa unaendelea kupiga kwa kukadiria. Zenit-E haina betri kabisa, maana kipima mwanga chake kinatumia seleniamu, ambayo hujizalishia umeme inapopigwa na mwanga. Tatizo ni kwamba seleniamu huzeeka, na sindano ikishaanza kudanganya hakuna dawa nyepesi. Ilinganishe na programu ya kupima mwanga ya simu yako, nje juani na ndani kivulini, kabla hujaiamini.

Kati ya K1000 na FM, kwa pwani ningechukua FM. Shata yake ni ya vipande vya chuma vinavyoshuka kwa wima, ilhali ya K1000 ni pazia la kitambaa kilichopakwa mpira, ambacho kwa miaka ya joto na unyevu huweza kukakamaa au kutoboka vitundu vidogo. Tena K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Kinazimika tu usipoingia mwanga kwenye lenzi, hivyo usipoweka kifuniko chake betri inaliwa mchana kutwa. Kwenye FM unausukuma tu mkono wa kuvutia filamu ukalala mahali pake, na kipimo kinazima.

BiNegativu

Nakubaliana na fundi kuhusu umeme, ila naona mjadala umekwenda kwenye boksi la kamera ukaiacha lenzi, na hapa kwetu Unguja lenzi ndiyo inayokufa kwanza. Kamera nzima yenye lenzi iliyoliwa na kuvu ni hasara, kwa sababu kuvu haikai juu ya kioo kama vumbi. Hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba unaozuia mng'ao, na alama zake hubaki hata baada ya kuvu yenyewe kufutwa. Chukua tochi, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, mulika kutoka nyuma kwa mshazari huku ukitazama kutoka mbele. Vumbi utaliona kama chembe zilizotawanyika, na hilo lisikusumbue. Kuvu utaiona kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukiona nyuzi hizo, rudisha lenzi kwa mwenyewe na umshukuru.

Ukishanunua, mkoba wa ngozi uliokuja na kamera utenganishe nayo siku hiyohiyo. Ngozi hunyonya unyevu na kuuhifadhi, na kuvu huipenda. Weka kamera ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, yaani chembe zinazonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo cha bei nafuu, na uhakikishe unyevu unabaki kati ya asilimia 40 na 50. Ukipita 60 kwa muda mrefu unaikaribisha kuvu, na ukishuka chini ya 30 unakausha grisi. Msimu wa masika silika hulowa upesi, hivyo ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo. Zaidi ya hayo, itumie kamera. Lenzi inayotolewa nje mara kwa mara ikapata mwanga na hewa haipatwi na kuvu kirahisi kama iliyofungiwa gizani.

Kwa hiyo mimi nasema Zenit-E yenye Helios safi ni bora kuliko FM yenye lenzi iliyoota kuvu.

Nyanda35

Dada BiNegativu, kuhusu kuvu sina la kuongeza, ila kwa Zenit-E naomba nipinge. Kasi zake za shata zinaanza 1/30 ya sekunde na kuishia 1/500, na Helios 44-2 inafunga hadi f/16 tu, ndilo tundu lake dogo kabisa. Kanuni ya jua kali inasema kwamba kwa tundu la f/16 kasi ifuate namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kunasa mwanga: ISO 400 hupigwa kwa takriban 1/400 ya sekunde. Kwa hiyo ukiwa na filamu ya ISO 400 saa saba mchana tayari umefika mwisho wa kamera yako. Ukihamia kwenye mchanga mweupe, unaohitaji mwanga nusu ya huo, huna pa kwenda, wala huwezi kufungua lenzi ili mandhari ya nyuma ilegee. Utalazimika kutumia filamu ya ISO 100. K1000 na FM zinafika 1/1000, na FM2 iliyofuata mwaka 1982 inafika 1/4000.

Jambo jingine linaloipa FM uzito ni wingi wa lenzi. Mdomo wake wa kupachikia lenzi ni uleule ambao Nikon ilianza nao mwaka 1959, na FM ina kibanzi kinachokunjwa ili kupokea hata lenzi za kabla ya 1977. FM2 haina kibanzi hicho, kwa hiyo usidhani ni kitu kilekile.

Na kama muuzaji atakushawishi kwa Olympus OM-1, fahamu kwamba ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 kipima mwanga kitapotoka. Wengi hutumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, za volti 1.4, ambazo hudumu majuma machache tu baada ya kubanduliwa karatasi.

FundiBisibisi

Niongeze ukaguzi wa mkononi. Fungua mgongo wa kamera ukiwa bila filamu, ondoa lenzi, ielekeze kwenye anga jeupe na upige kwa 1/1000 huku ukitazama kwa nyuma. Uone mstatili wote ukimulika. Upande mmoja ukibaki mweusi, shata inachelewa na picha zako zitakuwa na giza upande huo. Kisha piga kwa sekunde moja na usikilize. Ikivuta hadi mbili au ikasita katikati, grisi imeganda.

Gusa sponji nyeusi iliyo kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Karibu kila kamera ya umri huo sponji yake imegeuka kuwa uji unaonata kama lami, na hilo lisikuogopeshe, kwani ni kazi ya saa moja. Kwangua kwa kijiti cha mti kilicholoweshwa spiriti, taratibu, bila kuruhusu hata tone kufika kwenye shata, halafu bandika sponji mpya. Kioo cha ndani usikifute kwa kitambaa wala kidole: utando wake unaoakisi upo juu ya kioo, si nyuma kama kioo cha nyumbani, na mkwaruzo haufutiki. Pulizia kwa mpira wa mkono, basi.

Mwenye hamu ya kufungua lenzi mwenyewe atie alama mahali hasa nyuzi za pete ya fokasi zinapoachana. Nyuzi hizo zina milango kadhaa ya kuingilia, na ukiingiza mlango usio wake lenzi haitafika tena kwenye fokasi ya mbali. Nusu ya lenzi ninazoletewa "zimeharibika" zina ugonjwa huo tu.

MwangaWaTanga

Nashukuru sana. Nimeelekea kwenye FM, lenzi yake ikifaulu mtihani wa tochi. Swali la mwisho: nakusudia kusafisha filamu za nyeusi na nyeupe nyumbani, na maji ya tangi letu la juu ni ya moto karibu mwaka mzima. Nifanyeje?

BiNegativu

Maelekezo mengi ya dawa yameandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba la pwani hupita hapo kwa mbali. Ukitumia dawa ikiwa moto, muda unafupika hadi chini ya dakika tano, na hapo picha hutoka na mabaka kwa sababu dawa haijapata nafasi ya kuenea sawasawa. Weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji, tumbukiza mifuko ya barafu iliyofungwa vizuri, na usubiri hadi kipimajoto kisome 20. Ukishindwa kushuka huko, fanya kwa nyuzi 24 ukifuata jedwali la muda la mtengenezaji, na kama dawa yako ya kusafishia ni D-76, uichanganye na maji kiasi sawa ili muda urefuke. Maji ya kusuuzia yasitofautiane sana na dawa kwa joto.

Filamu ambayo hujaitumia ihifadhi kwenye friji, ndani ya kikopo chake kilichofungwa. Ukiitoa, iache mezani saa kadhaa kabla ya kukifungua, la sivyo mvuke wa hewa yetu utageuka matone juu yake.