Kati ya wasaidizi Robin, Diggle, Roy na Falcon, nani alitendewa haki na steringi wake, yaani shujaa mkuu?

SaidiaFundi wa Nkuhungu:
Wadau, habari za Jumapili. Huku kwetu umeme umekata tangu saa nne, upepo unapiga vumbi hadi kwenye chai, watoto wakaamua kuhamia nje. Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, karudi ndani amenuna. "Mjomba, kila siku wananifanya Robin. Batman wanapokezana wenyewe." Nikacheka, halafu kicheko kikakata, maana mimi nimekuwa Robin miaka minne.

Nilikuwa saidia fundi. Anayejua kazi hiyo anajua: unafika saiti kabla ya fundi, unachanganya zege, unapandisha ndoo na tofali, yeye anashika mwiko na pima maji. Nyumba ikiisha mwenye nyumba anampa fundi mkono. Wewe uko nyuma unaosha beleshi.

Sasa nataka umeme ukirudi nimwekee dogo kitu ambacho msaidizi wa shujaa anaheshimiwa. Kwenye flashi nina Batman ya 1966, Arrow, katuni ya Young Justice, na The Falcon and the Winter Soldier. Titans ninayo, ila damu na matusi ni mengi, si ya mtoto. Mpaka sasa nilivyoona, Batman ya zamani ina raha lakini Robin wake kazi ni kushangaa na kufungwa kamba. Arrow nilifika msimu wa pili bando likaisha. Hizo nyingine sijazigusa. Mnishauri.

Konda Mstaafu:
Mkuu, Robin wa 1966 usimguse. Burt Ward, aliyemwigiza, amesimulia mwenyewe: Batman alivaa kofia iliyofunika karibu uso wote, kwa hiyo kwenye hatari aliwekwa mtu mwingine na hakuna aliyegundua. Robin kikinyago chake ni kile cha macho tu, uso wote uko nje, basi ikabidi aingie mwenyewe kwenye milipuko, akawa anapelekwa hospitali mara kwa mara. Na malipo kwa wiki, anasema, yalikuwa dola 350. Huyo ndiye saidia fundi wako kabisa! Kwenye hadithi yuko nyuma, na kwenye kazi halisi ndiye anayeungua.

Mimi nimekaa mlangoni mwa basi la Singida miaka kumi na moja. Abiria wanamshukuru dereva, matusi ya chenji yanakuja kwangu.

BintiKondoa:
Kaka Konda, umeeleza jinsi mwigizaji alivyoteseka. Aliyeuliza anataka kujua mhusika anavyotendewa 😂

Mimi nasema Arrow, na sababu ni John Diggle. Anaanza kama mlinzi wa kukodiwa wa Oliver, tajiri ambaye kwa siri ndiye shujaa Arrow, na siku za mwanzo tu tajiri anamtoroka, anaruka kwenye gari likitembea, mlinzi anabaki na usukani. Wewe fikiria bosi anakufanyia hivyo. Lakini baadaye akishaambiwa siri, Diggle hakubali kuwa mtu wa "ndiyo bosi". Anakataa, anagomba, anaondoka, anarudi kwa hiari yake. Ana mke, ana mtoto, ana mambo yake ambayo hayamhusu Oliver. Hapo ndipo ninapopima: msaidizi akitoka kwenye chumba cha shujaa, ana kwa kwenda?

Felicity naye aliletwa kama mtu wa kompyuta wa kupita tu msimu wa kwanza, watu wakampenda, msimu wa pili akawa wa kudumu. Mtazamaji ndiye aliyempandisha cheo.

SteringiHafi:
Dada umeruka Roy Harper, msaidizi mwingine wa Oliver. Kwenye Arrow hiyo hiyo, msimu wa tatu, Roy anajitokeza anasema yeye ndiye Arrow ili Oliver asiozee jela. Anaingia gerezani, anaigiza kifo, anahama mji na jina anaacha. Steringi kabaki huru na mapenzi yake. Hiyo mnaiita heshima?

BintiKondoa:
Roy nimemuacha makusudi, anaharibu hoja yangu.

Mwalimu wa Kizota:
Kuhusu kumtupa msaidizi, hakuna aliyetupwa kumshinda Jason Todd, Robin wa pili. Mwaka 1988 wachapishaji wa Batman waliwawekea wasomaji namba mbili za simu, moja ya afe, nyingine ya apone, na kila simu ililipiwa. Waliotaka afe 5,343. Waliotaka apone 5,271. Tofauti kura 72, na mtoto wa watu akazikwa. Jiulizeni kama wangethubutu kumpigia kura Batman mwenyewe.

SteringiHafi:
Mwalimu, hicho ni kitabu cha picha. Mada ni televisheni.

Mwalimu wa Kizota:
Ndiyo, na televisheni imerithi kaburi lile. Titans, msimu wa tatu, Jason anauawa na Joker, adui mkubwa wa Batman, halafu anarudi na kofia nyekundu akiwa adui wa wenzake. Uzuri wa tamthilia ile ni kwamba inampa Robin wa kwanza, Dick Grayson, njia ya kutoka: mwisho wa msimu wa pili anavaa vazi lake mwenyewe, anaitwa Nightwing. Ila imemchukua misimu miwili mizima ya kumlaani Batman aliyemlea. Nakubaliana na mleta mada, si ya mtoto.

Mama Zabibu:
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Naona mmeiruka ya Falcon, na kwangu ndiyo yenye ukweli mchungu. Vipande sita tu, ilitoka 2021. Sam Wilson, ndiye Falcon, ameruka angani na Captain America miaka, amepigana vita vya dunia nzima. Kipande cha kwanza anaingia benki na dada yake kuomba mkopo, wana boti ya familia na biashara inayodidimia. Ofisa anamtambua, anafurahi, anataka kupiga naye picha. Mkopo hapati. Hana mapato ya kuonyesha, maana kuokoa dunia hakuna karatasi ya mshahara.

Nilirudisha nyuma nikaitazama mara tatu. Mimi nimewahi kukaa kwenye kiti kile, na fomu mapajani. Nilisimamia shamba la zabibu la mtu misimu saba, kila jirani ananijua, ofisa mikopo mwenyewe ananiita "mama wa zabibu", lakini hati ina jina la mwenye shamba.

Halafu kuna Lemar, msaidizi wa yule Captain mpya, John Walker. Mwanajeshi mweusi, mpole, mwenye busara kumshinda bosi. Anauawa kipande cha nne, na tangu hapo habari yote ni hasira ya Walker. Lemar alikuwa na wazazi pia. Sasa tamthilia moja imemwinua Sam hadi akabeba ngao ya Captain America, na hiyo hiyo imemtumia Lemar kama kuni. Sijui niipe maksi ngapi.

Konda Mstaafu:
Mama umemaliza. Ila nani kamkumbuka Kato? The Green Hornet, 1966 hiyo hiyo. Dereva na msaidizi wa shujaa huyo, na aliyemwigiza ni Bruce Lee. Hong Kong waliionyesha wakaiita "The Kato Show"! Wao steringi wao walimjua.

SteringiHafi:
Hapo sawa, Konda. Kwa mtoto wa miaka tisa nashauri Young Justice, ya 2010. Mwanzo tu wasaidizi wanne wanaalikwa makao makuu ya mashujaa, wamevaa wamependeza, wanadhani leo ndiyo leo. Kumbe jengo lile ni la watalii, makao yenyewe yako juu angani na wao hawakuambiwa. Speedy, ndiye Roy yule yule, anavua kofia anaitupa chini na kuondoka. Waliobaki wanakwenda kufanya kazi bila ruhusa. Dogo ataelewa bila kufafanuliwa.

SaidiaFundi wa Nkuhungu:
Nimerudi. Umeme uliwaka saa moja usiku, tukaweka Young Justice. Ilipofika pale pa kofia, dogo akauliza, "Mjomba, kwani wewe mwiko ulipewa lini?"

Nikamwambia kweli. Fundi aliugua malaria, ukuta wa choo ulikuwa nusu, nikaumaliza peke yangu. Timazi ikakaa sawa.

Mama Zabibu:
Na alipopona?

SaidiaFundi wa Nkuhungu:
Alipima, akakuta uko sawa, akauchukua mwiko wake akanipa ndoo. Wiki iliyofuata nikaondoka. Leo nina mwiko wangu na kijana mmoja wa kunisaidia. Jana nilimwachia kozi mbili za tofali ajenge. Moja imepinda, nimeibomoa.

BintiKondoa:
Umeibomoa wewe au umemwachia aibomoe mwenyewe?

SaidiaFundi wa Nkuhungu:
Dada, hilo swali nalilalia.

Konda, hiyo ya Kato unayo? Jumamosi niko Sabasaba kununua misumari, nakuja na flashi.