Kusoma taarifa ya habari au kuendelea kuripoti: mwandishi wa kituo cha mji apite njia ipi?

RipotaWaMji (mleta mada)

Ndugu wanahabari, naomba ushauri wa wale waliotangulia katika kazi hii.

Nina miaka mitatu na nusu katika kituo kidogo cha televisheni kinachohudumia mji mmoja na vitongoji vyake. Nilianza kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, nikishika maikrofoni na kubeba nyaya za mpiga picha, kisha nikapewa habari fupi za sekunde 20 au 30 ambazo mtangazaji huzisoma huku picha zikipita, na baada ya miezi minane hivi ndipo nilipoaminiwa kuandaa ripoti kamili yenye sauti yangu. Leo ninafuatilia baraza la mji na mahakama, na siku nyingi ninatoka peke yangu: napiga picha, nahoji, naandika na kuhariri ripoti ya dakika moja na nusu kabla ya taarifa ya jioni.

Mwezi huu yamenijia mambo mawili kwa pamoja. Mkuu wa chumba cha habari anataka niwe msomaji wa taarifa za Jumamosi na Jumapili, huku siku tatu nyingine za juma nikiendelea kuripoti. Wakati huohuo kituo kikubwa zaidi, kilicho katika jiji lingine, ambacho nilikitumia mkusanyo wa kazi zangu miezi mingi iliyopita, kimeniita kwenye usaili wa nafasi ya ripota wa kawaida, zamu ya alfajiri. Mishahara haipishani sana ukishahesabu gharama za kuhama.

Nyumbani wanaona jibu liko wazi, kwa kuwa msomaji wa habari ndiye anayejulikana. Mimi sina hakika. Nahofia kwamba nikikaa studio nitaacha kuwa mwandishi, na nahofia vilevile kwamba nikihama nitaanza upya mahali ambapo hakuna karani wala diwani anayelijua jina langu. Kwa waliopita njia hii, ngazi ya kazi yetu hupandwaje hasa?

MzeeWaMaikrofoni

Mdogo wangu, nimeripoti habari za mji mmoja kwa miaka 22, na kati ya hiyo, minne nilikuwa pia msomaji wa taarifa ya usiku, kwa hiyo nitasema ninayoyafahamu kwa pande zote mbili.

Kusoma habari na kutafuta habari ni kazi mbili, ingawa mtazamaji huziona katika kioo kimoja. Katika vituo vingi vya Marekani hadi miaka ya 1960, mtu mmoja aliketi studio akasoma karibu kila kitu, na yule aliyekwenda kwenye tukio hakuonekana. Mwaka 1965, mkuu wa habari wa kituo cha KYW-TV cha Philadelphia, Al Primo, aliwaachia waandishi wenyewe wasimulie hewani habari walizozifuatilia, na alipohamia WABC-TV ya New York mwaka 1968 alikwenda na mtindo huo, ukaigwa na vituo vingine vingi. Ripota wa mji alipata sura na jina mbele ya watazamaji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo mahali pa tukio. Wazazi wako wanaposema kwamba msomaji ndiye anayejulikana, wanasema kweli, lakini waeleze kwamba hata ripota anajulikana, na anajulikana kwa jambo alilolifanya.

Kiti cha studio hutolewa na uongozi, na uongozi unaweza kukichukua asubuhi yoyote. Oprah Winfrey alipewa kiti cha taarifa ya jioni katika WJZ-TV ya Baltimore mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 22, na mwaka uliofuata akaondolewa. Kilichomwinua ni kipindi cha mazungumzo alichokabidhiwa mwaka 1978, ambako uwezo wake wa kuzungumza na watu ulionekana wazi, na mwaka 1984 akahamia Chicago. Simtaji ili kukutisha. Ninataka ujiulize kwamba siku ukiondolewa kwenye kiti hicho, utakuwa umebaki na nini mkononi.

Nikueleze nilichobaki nacho mimi. Mwaka wangu wa kwanza katika baraza la mji, niliripoti hotuba ya makadirio ya matumizi kama ilivyosomwa. Baada ya miaka michache nikaanza kuacha hotuba na kusoma majedwali yaliyoambatishwa nyuma, ambayo hayasomwi ukumbini. Mwaka wa tisa nilikuwa nimehifadhi majedwali yote ya nyuma, na nilipoyapanga mezani nikaona barabara moja imeombewa fedha za lami mara tatu, kila mara kwa jina tofauti kidogo, ilhali mimi niliipita kila siku nikienda kazini nayo ilikuwa bado ya vumbi. Hakuna aliyenipigia simu kunipa habari ile, wala hakuna aliyeificha kwa ustadi mkubwa. Ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angekuwepo katika vikao vyote vitatu, na kati ya waandishi waliokuwa ukumbini mwaka ule, wengine wote walikuwa wageni. Karani wa masijala ya mahakama naye alinichukua miaka miwili ya salamu kabla hajaanza kunieleza ni kesi ipi imepangwa upya na kwa nini. Hayo hayaingii katika mkusanyo wa kazi, na huwezi kuyahamisha kwenda jiji lingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ubaki, na kiti cha mwisho wa juma ukikubali kwa sharti moja: siku zako tatu za kuripoti ziandikwe katika barua. Zisipoandikwa zitaliwa. Utaitwa kurekodi matangazo ya kipindi, utatumwa kuongoza hafla, utaombwa umshikie zamu mwenzako aliyeugua, na baada ya mwaka utagundua kwamba hujakanyaga mahakamani tangu miezi minne iliyopita.

MhaririWaZamu

Kwa heshima yote kwa mzee, natofautiana naye juu ya kubaki, na ninasema hivyo nikiwa mtu ambaye kwa miaka mingi amepokea na kutazama maombi ya kazi ya waandishi.

Kazi hii, kwa ilivyopangwa mahali pengi, hupandwa kwa kuhama. Marekani imegawanywa na Nielsen, kampuni inayopima idadi ya watazamaji, katika masoko 210 ya televisheni, yaani maeneo ya watazamaji, kuanzia New York ambalo ndilo kubwa kuliko yote hadi miji midogo, na mwandishi huanza chini akapanda soko baada ya soko. David Muir, mtangazaji wa Marekani, alifanya kazi Syracuse, akaenda Boston mwaka 2000, na mwaka 2003 akaingia ABC, mtandao wa televisheni wa nchi nzima. Kupanda kwa namna hiyo kuna hasara zote alizozitaja mzee, nami sizikatai. Lakini kubaki nako kuna hasara ambayo hakuitaja. Mwandishi aliyekaa sana katika mji mmoja huanza kuwahurumia watu anaowaripoti. Diwani anakuwa rafiki wa familia, msemaji wa polisi anakuwa mtu wa kuombana naye hisani, na taratibu kuna maswali ambayo hayaulizwi tena. Nimehariri ripoti za namna hiyo. Zilikuwa na ukweli wote isipokuwa ule mmoja uliohitajika, na aliyeziandika hakuwa mtu mbaya.

Kuhusu mkusanyo wa kazi, niseme jinsi ninavyoutazama, maana vijana wengi huupanga vibaya. Huanza na picha kumi za wao wenyewe wakiwa mbele ya kamera katika mavazi tofauti. Mimi nataka ripoti moja kamili, kisha matangazo ya moja kwa moja ambamo jambo fulani limebadilika mwandishi akiwa hewani, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona kama anaelewa habari au amekariri. Mara ya pili ninageuza kiti nisikilize bila kutazama. Mwandishi wa televisheni anapaswa kuandika kwa ajili ya sikio, tena kwa kuyapa nafasi yale ambayo picha inasema. Wanaotangaza kwa Kiingereza wana kanuni ya kukadiria maneno matatu kwa sekunde, na vijana wetu huinakili kanuni hiyo bila kufikiri. Neno letu moja hubeba nafsi, wakati na kitendo, na kwa uzoefu wangu mawili kwa sekunde yanatosha. Ripoti ya dakika moja na nusu, ukitoa sauti za waliohojiwa na sekunde chache za kuacha mlio wa mahali usikike, inakubakishia nafasi ya maneno kama 100. Anayeweza kueleza mgogoro wa ardhi wa miaka kumi kwa maneno 100 bila kuudhulumu upande wowote, huyo nitamwajiri kabla sijaona sura yake.

Jambo lingine ambalo mleta mada amelipita haraka ni kutoka peke yake. Usilione kama umaskini wa kituo chako. Kituo cha habari cha NY1 cha New York kilipoanza mwaka 1992, waandishi wake walibeba kamera zao wenyewe, na tangu hapo vifaa vimekuwa vyepesi kiasi kwamba hata vituo vikubwa vinataka watu wa aina hiyo. Mtu aliyejipiga picha mwenyewe anajua kuweka begi au stendi ya taa mahali atakaposimama ili arekebishe ukali wa picha kabla hajaenda mbele ya kamera, anajua kwamba picha chafu husameheka lakini sauti chafu haisameheki, na anajua kurekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali. Hata hivyo, kubali kuwa peke yako kwa kikao cha baraza, na kataa kwa ghasia, kwa mafuriko na kwa usiku. Mwandishi mwenye jicho moja kwenye kamera haoni kinachokuja nyuma yake. Hili ulizungumze kwenye usaili kabla ya mshahara.

Nenda kwenye usaili huo. Kwenda hakukufungi.

RipotaWaMji (mleta mada)

Shikamoo mzee, na ahsante sana mhariri. Maneno ya kila mmoja yamenigusa mahali tofauti. Yale ya kumwonea haya mtu ninayemripoti yameniuma kidogo, kwa sababu mwaka huu kuna swali ambalo sikumuuliza ofisa mmoja wa baraza, na nililiandika kabisa kwenye daftari kabla ya mahojiano.

Nina swali moja la nyongeza. Kituo cha jiji kimedokeza mkataba wa miaka miwili, wenye kifungu kinachonizuia kufanya kazi katika kituo shindani kwa mwaka mzima baada ya kuondoka. Je, hilo ni la kawaida?

DadaMtayarishaji

Ndugu yangu, ni la kawaida, lakini si la kutia saini kwa haraka. Mikataba ya miaka miwili au mitatu hutolewa sana kwa waandishi, na mara nyingi huwa na fidia utakayolipa ukiuvunja kabla ya muda. Kifungu cha kuzuia ushindani ndicho cha kukisoma mara mbili, kwa sababu katika jiji lenye vituo vichache kinamaanisha kwamba ukiachishwa kazi itakubidi uhame au ubadilishe kazi. Malalamiko ya wafanyakazi wa utangazaji kuhusu jambo hilo yalikuwa makubwa kiasi kwamba jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2008 kuvizuia vituo kuwafunga wafanyakazi wasio wa uongozi namna hiyo. Sheria hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo mpelekee mwanasheria wa kazi mkataba huo ausome, na uombe mambo mawili: kifungu kisitumike endapo wao ndio watakaokuachisha, na kihusu kazi ya mbele ya kamera peke yake.

Zamu ya alfajiri nimeifanyia kazi miaka mitano. Utaamka saa nane za usiku, utaingia hewani mara nne au tano kabla ya saa tatu asubuhi, mara nyingi ukisimama mahali ambapo tukio limekwisha au halijaanza. Inachosha mwili kweli. Lakini hakuna zamu inayomfundisha mwandishi kuzungumza hewani kwa haraka kuliko hiyo, kwa kuwa kila baada ya nusu saa unalazimika kuisimulia habari ileile kwa namna mpya na kwa jambo jipya ulilolithibitisha. Uliza ni nani atakayekuwa akikutafutia habari usiku, maana kama hakuna mtu kwenye dawati, utasimama gizani ukirudia ya jana.

MzeeWaMaikrofoni

Marahaba, mdogo wangu. Mhariri amenirekebisha, nami nakubali: kuzoeana ni ugonjwa, na nimewahi kuugua. Kama lipo swali uliloliandika ukashindwa kuliuliza, basi rudi ukaliulize kabla hujaamua lolote. Ukiweza kuliuliza na kulirusha hewani, bado una kazi ya kufanya katika mji huo. Ukijikuta unatafuta sababu ya kuliahirisha tena, nenda kwenye usaili, na kabla ya kuondoka mpitishe mwenzako mchanga kwa karani wa masijala, umtambulishe kwa jina, ili asianze salamu zile kwa miaka miwili.