Tupeane uzoefu: uliona nini ulipotembelea shamba dogo lisilotumia kemikali?

Habari zenu wote.

Juzi nilitembelea shamba dogo la kilimo hai, halifiki nusu ekari, na mpaka leo mawazo yangu yako kule. Nilikwenda nikitegemea kuonyeshwa nyanya na karoti. Mwenye shamba, mama wa makamo, alinikalisha kwanza chini ya mti, mbele ya glasi mbili za maji. Akachukua bonge la udongo mkavu kutoka kwenye tuta lake, na bonge jingine kutoka kipande cha jirani kinachotifuliwa na kupigwa dawa kila msimu, akayatumbukiza kwa wakati mmoja. Lile la jirani likaanza kumeguka pale pale, na haikuchukua muda maji yakawa tope. La kwake likatulia. Tukaenda kuzunguka shamba zima, tulivyorudi bado limeshikamana, na maji yake meupe.

Alinieleza kwamba vijidudu na kuvu wanaokula majani yaliyooza huacha nyuzi na utandoutando unaogundisha chembe za udongo. Mvua ikiupiga udongo wa namna hiyo, maji yanazama, hayaondoki nao. Nimelima bustani miaka mingi na sikuwahi kuujaribu udongo wangu namna hiyo. Niliporudi nikaujaribu. Ulimeguka.

Waliowahi kutembelea mashamba ya aina hii, karibuni tupeane uzoefu. Mlionyeshwa nini ambacho hamkukitegemea?

Mchangiaji wa 1

Asante kwa mada. Mimi kilichonishika ni vidukari, wengine tunawaita wadudu mafuta. Nilikuta maharage yamejaa hao wadudu kwenye ncha, nikamwita mwenye shamba haraka kama mtu aliyeona moto. Akaja taratibu, akainamia mmea, akaniambia, "Usiangalie vidukari, angalia walio pembeni yao."

Pembeni kulikuwa na kadudu keusi kenye madoa ya rangi ya machungwa, kana vijimiiba mgongoni. Mimi ningekaua bila kufikiri mara mbili. Kumbe ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na chakula chake ni vidukari. Halafu akanionyesha vidukari waliovimba, wakakauka na kuwa na rangi ya kahawia, wamegandia kwenye jani. Ndani yao nyigu wadogo sana walikuwa wametaga, na mtoto wa nyigu alikuwa amemla kidukari kutoka ndani. Baadhi walikuwa na tundu la duara mgongoni, nyigu mpya alikwishatoka.

Akasema hata mwarobaini hapulizi ovyo, kwa sababu dawa kuitwa ya asili hakuifanyi ichague adui tu. Anasubiri siku chache, anahesabu tena, na wakizidi mno anakata zile ncha na kuzitoa shambani. Nililazimika kukubali kwamba miaka yote nimekuwa nikiwaua waliokuja kunisaidia.

Mchangiaji wa 2

Mimi nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa. Alipewa mche wa maharage uliong'olewa kwa uangalifu, mizizi ikiwa na vinundu vidogo vidogo. Akaambiwa apasue kimoja kwa kucha. Ndani kulikuwa na rangi ya waridi, karibu na wekundu wa nyama. Mkulima akamwambia bakteria walioko humo wanachukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea, na rangi hiyo ni dalili kwamba wako kazini. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani, hakuna kazi inayofanyika.

Tangu siku hiyo haoni mmea wa jamii ya mikunde bila kutaka kuchungulia mizizi yake. Na mimi nimeacha kung'oa mabaki ya maharage baada ya kuvuna. Nakata shina juu ya ardhi, mizizi inaozea humo humo.

Mchangiaji wa 3

Naomba nilete upande mwingine, si kwa kupinga.

Kuna shamba nilikuwa nanunua mboga kwao kwa muda mrefu, silitaji. Siku nilipotembelea nilizungushwa kwenye matuta ya mbele, mazuri kweli, yamefunikwa matandazo vizuri. Nikaomba kwenda msalani, nikapitia upande wa stoo, nikakuta chupa za kiuatilifu, moja imefunguliwa. Nilipouliza nikaambiwa ni za zamani. Lebo ilikuwa ya msimu ule ule. Niliumia, maana nilikuwa nawalisha wagonjwa wangu nyumbani nikiamini neno lao.

Tangu hapo nikitembelea shamba naomba mambo mawili tu: kuona stoo, na kuona daftari. Mkulima wa kweli wa kilimo hai ana daftari. Ameandika tarehe ya kupanda, mbegu ilikotoka, mboji ilikotoka, alipuliza nini na lini. Na ukimwomba akuonyeshe, anafurahi.

Mchangiaji wa 4

Namuunga mkono aliyetangulia, na naongeza swali la tatu, la samadi. Watu wanadhani samadi ikiwa ya asili basi haina hatari. Samadi mbichi inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha moja kwa moja hadi kwenye mboga inayoliwa bila kupikwa. Marekani, kwa mfano, kanuni za kilimo hai zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi iwekwe hadi kuvuna, ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 ikiwa haigusi.

Shamba nililotembelea walikuwa na fimbo ya chuma iliyochomekwa katikati ya lundo la mboji. Kijana akaichomoa, akanipa niishike. Sikuweza kuishikilia. Wanataka joto lifike nyuzi 55 na kuendelea, lundo ligeuzwe mara kadhaa ili kila sehemu ipite katikati, ndipo vijidudu na mbegu nyingi za magugu zife. Mboji iliyoiva niliinusa: ilinukia msitu baada ya mvua. Hakuna harufu ya kinyesi hata kidogo.

Mchangiaji wa 5

Mimi niko upande wa pili wa geti. Nina shamba dogo la aina hii, mwaka wa saba sasa, na napokea wageni.

Kwanza naomba mkija msitukasirikie tukiwaomba msafishe viatu. Mnyauko bakteria, ugonjwa unaonyausha nyanya, na minyoo fundo, vijiminyoo vinavyotia uvimbe kwenye mizizi, husafiri na udongo ulioganda kwenye soli. Tuta moja likishaambukizwa, unaweza kukaa miaka bila kupanda nyanya pale. Na tafadhali piteni kwenye njia, msikanyage tuta. Hatulimi kwa kutifua, kwa hiyo kinacholegeza udongo wetu ni mizizi na nyungunyungu. Mguu mmoja unabana kazi yao ya miezi.

Pili ni jambo ambalo wageni wengi hawaulizi, nami sasa nalisema hata nisipoulizwa. Misimu ya mwanzo nilivuna kidogo sana. Nililia, sifichi. Udongo uliokuwa umezoea mbolea ya viwandani ulikuwa hauna wa kuulisha mmea, na wadudu marafiki walikuwa hawajarudi. Ulaya, shamba la mazao ya msimu hupewa angalau miaka 2 ya mpito kabla ya zao kuitwa la kilimo hai, na mimi naona hata hiyo ni michache kwa udongo uliochoka. Ndiyo maana Sri Lanka ilipopiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani mwaka 2021, kwa nchi nzima, kwa ghafla, nilijua itakuwaje. Marufuku ililegezwa kabla mwaka haujaisha. Wakulima walitakiwa kufanya kwa msimu mmoja kitu ambacho shamba langu dogo lilikihitaji miaka minne.

Mchangiaji wa 6

Mkuu uliyetangulia, na sasa hivi mavuno yakoje ukilinganisha na majirani?

Mchangiaji wa 5

Kabichi bado wananizidi, kwa uzito na kwa ukubwa. Maharage tunalingana. Ukame ukija, mimi ndiye ninayebaki na kijani kwa wiki zaidi, kwa sababu ya matandazo. Na pengo la mavuno haliko kwangu peke yangu: uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2012 ulikuta kilimo hai kinavuna pungufu kwa asilimia 5 hadi 34, kutegemea zao na mazingira, na pengo dogo kabisa lilikuwa kwenye mikunde na mazao ya kudumu yanayotegemea mvua. Anayekuambia hakuna pengo anakuuzia kitu. Nami pengo hilo nalilipa kwa mikono, kwa kung'oa magugu kabla hayajatoa mbegu. Mkija kutembelea, njooni asubuhi mapema, mkute kazi hiyo inafanyika. Saa sita mtakuta shamba zuri na hamtajua limekuwaje zuri.

Mwanzisha mada

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Ya stoo na daftari sikuifikiria kabisa, na yule mama sikumuuliza. Nitarudi kwake wiki ijayo, asubuhi kama ulivyosema, na viatu safi. Nimekwishamwambia nitang'oa magugu tuta moja zima, kisha nitaomba kuona daftari lake. Na bonge langu la udongo nalibeba nikamwonyeshe.

Waliobaki endeleeni kushusha uzoefu wenu.